UFA HUSEMA KABLA YA KUVUNJA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama waliokutana Lurambi, Kakamega



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo jina lake ni refu: jinsi ya kutambua madhara yaliyofichika ndani ya vitu vya kauri vilivyotiwa nyuzi, vile vinavyotumika penye moto mkali sana. Twajua wako wanaonong'ona kwamba jambo hili ni la maprofesa, na sisi ni watu wa reli, wa viwanda vya sukari na wa matofali. Tafadhalini mtuvumilie. Elimu yetu sisi tunaosema ni ile ya shule ya msingi ya misheni, na yale tuliyoyaelewa sisi hapana mtu hapa atakayeshindwa kuyaelewa. Tena jambo lenyewe lina maisha ya watu ndani yake. Mwaka 2003 watu saba walikufa kwa ufa ambao hakuna aliyeuona, na kabla hawajafa wako wafanyakazi waliosema na maneno yao yakawekwa kando. Tutafika huko. Kwanza tuanze na udongo wetu wenyewe.

UDONGO NA MOTO

Hapa Kakamega hatuna haja ya kufundishwa udongo. Pale Ilesi, karibu na mji, akina mama wanafinyanga vyungu, na watu hutoka mbali kuvinunua. Mfinyanzi hachukui udongo mtupu akautia motoni. Huuchagua, huuponda, huuchanganya na mchanga au na udongo wa aina nyingine, kisha huukanda mpaka mkono wake uridhike. Akiisha kukifinyanga chungu, hukiacha kikauke polepole. Sababu yake mtu wa reli aijua vizuri: maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke, nao mvuke ukikosa njia ya kutoka hupasua.

Chungu kikiisha kuchomwa, mama anayekinunua sokoni hakitazami kwa macho tu. Hukigonga kwa kidole. Chungu kizima hulia kama kengele ndogo, na sauti yake hukaa kitambo. Chungu chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Maana yake ni rahisi. Kitu kizima kikigongwa hutetemeka chote pamoja. Kilicho na ufa, kingo mbili za ufa husuguana, na msuguano huo hula mtetemo, basi sauti yafa upesi.

Elimu hiyo ndiyo waliyoitumia watu wa reli tangu zamani. Katika nchi nyingi, siku za garimoshi la mvuke, alikuwako mtu wa stesheni mwenye nyundo ya mpini mrefu. Alipita kando ya mabehewa akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima lililia. Lenye ufa halikulia. Mtu yule hakuwa na cheo kikubwa, lakini akisema gurudumu hili ni bovu, behewa lilitolewa.

Sasa tuone tofauti ya chuma na udongo. Chuma kikizidiwa na mzigo, mara nyingi hujipinda au hujivuta kwanza, na mtu akaona. Udongo uliochomwa haujui kujipinda. Huwa mzima, halafu ghafula huwa vipande viwili. Katika moto, hatari huzidi, kwa sababu upande uliopata joto kwanza hutanuka, na upande wa pili bado haujatanuka. Pande mbili hizo hushindana, na ufa mdogo kama unywele hukimbia mpaka mwisho. Kila nyumba yenye jiko la bati lililotiwa udongo ndani, lile lililoanza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, yajua jambo hili. Mwaga maji baridi juu ya jiko lenye moto, nawe utasikia udongo ukilia.

Wazee wetu wa reli nao waliishi na udongo wa moto. Garimoshi kubwa za aina ya 59, ambazo 34 zilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, na kuletwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1955 na 1956, zilichoma mafuta mazito. Kila moja ilipewa jina la mlima. Moja yao, namba 5918, Mount Gelai, ipo hata leo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Katika sanduku la moto la injini kama hizo palipangwa matofali ya moto, ili mwali wa mafuta usiguse mabamba ya chuma moja kwa moja. Tofali likipasuka na kuanguka, mwali hulipata bamba, na bamba lililounguzwa lenye mvuke nyuma yake ni hatari kwa dereva na mwenzake. Hivyo kazi ya kuingia ndani ya sanduku lililopoa na kukagua tofali moja moja haikuwa kazi ya kupoteza wakati.

NYUZI NDANI YA KAURI

Basi watu wakajiuliza: je, udongo uliochomwa hauwezi kufundishwa kuvumilia? Jibu lilikuwako katika nyumba zetu siku zote. Anayekandika ukuta kwa udongo mtupu, ukuta ukikauka hupasuka mipasuko mirefu, na vipande huanguka. Anayetia nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, ukuta wake pia utapata mipasuko, lakini ni midogomidogo, na kila mpasuko umeshikwa na nyasi zilizopita katikati yake. Ukuta hauanguki.

Kauri mpya zenye nyuzi zimetengenezwa kwa akili hiyohiyo. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya kabaidi ya silikoni. Msiogope jina. Ni kitu kilekile kigumu kinachotiwa katika mawe mengi ya kunolea karakanani. Hutengenezwa nyuzi zake, nyembamba hata nyuzi tano hivi zikiwekwa pamoja ndizo upana wa unywele mmoja wa mtu. Nyuzi hizo husukwa kama kitambaa, halafu nafasi baina yake hujazwa kauri ya aina ileile. Na kila uzi hupakwa ngozi nyembamba sana ya kitu kinachoteleza. Ngozi hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Ufa ukija mbio ndani ya kauri na kufika kwenye uzi, uzi hauvunjiki papo hapo. Hutelezateleza ndani ya ala yake na kuushika ufa usipanuke, kama nyasi zinavyoushika ukuta.

Kitu hicho kinatumika wapi? Tangu mwaka 2016 kimo ndani ya injini za ndege za abiria za aina ya LEAP. Kimefanywa pete inayozunguka mapanga ya injini pale penye joto kubwa kuliko pote. Huweza kuvumilia joto la kadiri ya digrii 1,300 za Sentigredi, na uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa madini yaliyotumika zamani. Ndege za Boeing 737 MAX, zikiwamo zile za Ethiopian Airlines na za Air Tanzania, zina injini za jamii hiyo. Kwa hiyo mambo haya yanapita juu ya vichwa vyetu, na watu wetu wanapanda humo.

JINSI MADHARA YANAVYOINGIA

Kauri yenye nyuzi haivunjiki kwa siku moja. Kwanza, mzigo na joto huleta nyufa ndogo katika kauri iliyo baina ya nyuzi. Nyufa hizo zimeshikwa, kazi yaendelea, na kwa macho huoni kitu. Pili, hewa ya moto hupenya katika nyufa hizo. Oksijeni iliyomo huila ile ngozi ya kuteleza, na mahali pake huja kitu kama kioo, ambacho huuganda uzi na kauri pamoja. Uzi ulioganda hautelezi tena. Ufa ukija, uzi hukatika kama udongo mtupu.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Joto la kadiri, kama digrii 700 mpaka 900, huweza kuwa baya kuliko joto la juu zaidi. Katika joto la juu, kauri hutoa kioo upesi kikaziba mdomo wa ufa, na hewa ikakosa njia. Katika joto la kadiri kioo huchelewa, na hewa huingia ikala ndani. Mtu asiyejua atadhani kwamba injini au tanuri ikifanya kazi kwa moto mdogo basi iko salama.

Tena kuna mvuke. Mafuta yakiungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke huo katika joto kubwa huila kauri ya silikoni polepole, ukaipunguza unene. Kwa sababu hiyo vipande hupakwa koti jingine la nje la kuvikinga. Koti hilo likibanduka mahali padogo tu, mahali hapo ndipo ulaji unapoanza.

NJIA ZA KUTAFUTA UFA

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Ufa umo ndani. Utaujuaje bila kukivunja kitu chenyewe? Ziko njia nyingi, na karibu zote zina ndugu yake katika kazi zetu.

Njia ya kwanza ni macho, yakisaidiwa na rangi. Karakana za reli zamani zilikuwa na desturi hii: chuma kilitumbukizwa katika mafuta yaliyotiwa mafuta ya taa, kikafutwa kikauka, kikapakwa chokaa nyeupe. Baada ya muda, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalitoka yakachora mstari mweusi juu ya chokaa. Leo kuna rangi maalumu zinazofanya kazi hiyohiyo. Njia hii ni nzuri kwa ufa uliofika nje. Ule uliolala ndani hauonekani kwa rangi.

Njia ya pili ni kupeleka sauti ndani. Mnajua kwamba reli hupimwa kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia. Wimbi likikuta ufa hurudi, na chombo huonyesha. Katika kauri yenye nyuzi kazi hii ni ngumu zaidi, kwa maana ndani yake mna vitundu vingi vidogo ambavyo si ugonjwa, na kila kitundu hutawanya sauti. Mpimaji anapaswa kujua sauti ya kipande kizima ndipo atambue cha mgonjwa.

Njia ya tatu ni joto. Kipande humulikwa kwa taa kali mara moja, kisha kamera inayoona joto hukitazama kikipoa. Pale tabaka zilipoachana, joto hukwama, na mahali hapo huonekana kama doa. Ndugu zetu wa tanuri za saruji wanajua jambo la namna hii: chombo cha kupima joto hutazama ganda la chuma la tanuri linapozunguka, na doa la moto huonyesha kwamba matofali ya ndani yamekwisha. Na sisi wa reli tunalo jambo hilo katika ekseli, kwa kuwa katika reli nyingi duniani huwekwa vyombo kando ya njia vya kupima joto la mahali ekseli inapozungukia kila garimoshi linapopita.

Njia ya nne ni eksirei. Kipande huzungushwa kikapigwa picha nyingi, na mashine huziunganisha ikaonyesha ndani yake kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate. Njia hii huonyesha mengi sana. Lakini ni ya gharama, nayo hutaka kitu kitolewe kazini na kupelekwa kwenye mashine.

Njia ya tano ni kusikiliza bila kugonga. Kila ufa unapofunguka, na kila uzi unapokatika, hutoa mlio mdogo mno, kama ukuni unavyolia jikoni. Masikio ya kifundi hubandikwa juu ya kitu, nayo husikia milio hiyo na kuihesabu. Yakiwako masikio mawili au zaidi, huweza kujulikana mlio umetoka wapi, kwa kuangalia ni lipi lililosikia kwanza. Penye moto mkali masikio hayo yangeungua, hivyo huwekwa fimbo ndefu ya kuipeleka sauti mpaka mahali penye baridi.

Katika njia hii ya tano mna fundisho moja ambalo twaomba mlishike. Kauri nzima ikipewa mzigo hulia, halafu hunyamaza. Ukiipa tena mzigo uleule, haitasema kitu mpaka uzidishe. Lakini ikiwa imeharibika, itaanza kulia chini ya mzigo ambao jana iliubeba kimya. Mafundi huichukua hiyo kuwa dalili kubwa. Kilio chenyewe hakitoshi kuwatisha. Wanachouliza ni kimelia chini ya mzigo gani, na jana kilinyamaza chini ya mzigo gani.

Njia ya sita ni umeme. Kauri hizi zenye nyuzi hupitisha umeme kidogo. Ufa unapozaliwa hukata baadhi ya njia za umeme, na umeme hupita kwa shida zaidi. Fundi anayepima shida hiyo siku kwa siku huona madhara yakikua hata kabla kitu hakijapoteza nguvu yake. Watu wa ishara za reli hawatastaajabu. Katika njia nyingi za reli umeme mdogo hupitishwa ndani ya reli zenyewe, na reli ikikatika kabisa umeme hukoma, ishara ikawa nyekundu. Ni fikira ileile.

Katika hizo sita, hapana moja inayotosha peke yake. Hii yaona nje, ile yaona ndani. Hii yafanya kazi penye baridi, ile penye moto. Na zote sita zina sharti moja: lazima pawe na daftari. Kitu kipimwe kikiwa kipya, na kipimo kiandikwe. Kipimwe tena, kiandikwe tena. Asiyejua jana kitu kilikuwaje hawezi kusema leo kimebadilika.

WATU SABA

Sasa tufike mahali tulipoahidi kufika.

Marekani walikuwa na chombo cha anga kilichoitwa Columbia. Kilikuwa na mabawa, na ukingo wa mbele wa kila bawa ulifunikwa kwa vipande 22 vilivyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni ndani ya kaboni, na juu yake ngozi ya kauri ya kabaidi ya silikoni. Ni ndugu wa karibu wa kauri tuliyoieleza. Kazi ya vipande hivyo ilikuwa kuvumilia moto wa kurudi duniani, ambao hufika kadiri ya digrii 1,650.

Tarehe 16 Januari 2003 Columbia kiliruka. Sekunde 82 hivi baadaye, kipande cha povu gumu lililofunika tangi kilibanduka na kulipiga bawa la kushoto. Uzito wake ulikuwa kama robo tatu ya kilo, chepesi hata mtoto angekibeba. Lakini mgongano ulikuwa wa kasi ya karibu kilometa 800 kwa saa. Picha zilionyesha kwamba bawa limepigwa. Hazikuonyesha kama limetoboka.

Mainjinia wa chini waliingiwa na wasiwasi. Waliomba bawa lile lipigwe picha likiwa huko juu, ili ijulikane. Kamati iliyochunguza baadaye ilihesabu kwamba maombi ya namna hiyo yalifanywa mara tatu. Picha hazikupigwa. Wakubwa waliona kwamba povu limewahi kubanduka mara nyingi katika safari zilizopita na vyombo vikarudi salama, basi hata hili si neno. Tarehe 1 Februari 2003, ikiwa zimebaki dakika 16 hivi kutua, hewa ya moto ilipenya katika bawa la kushoto, na Columbia kikavunjika juu ya jimbo la Texas. Wote saba waliokuwamo walikufa.

Mwezi wa Julai mwaka uleule wachunguzi walirusha kipande cha povu kwa bunduki ya hewa kwenye kipande cha bawa cha kweli. Kikatoboa tundu la upana wa kadiri ya sentimeta 40. Mpaka siku ile walikuwako watu walioamini kwamba povu haliwezi kuitoboa kauri.

Ripoti ilitolewa Agosti 2003, na ndani yake mna mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza, njia zilizotumika kukagua vipande vile baina ya safari hazikutosha kujua uzima wake ndani. Ikaagizwa zitumike njia bora za kutafuta madhara bila kuvunja. La pili, desturi za kazi katika shirika lile zilikuwa na sehemu yake katika kifo kile sawa na povu lenyewe, kwa maana wenye wasiwasi walitakiwa kuthibitisha kwamba kuna hatari, badala ya wakubwa kuthibitisha kwamba pako salama. Vyombo viliporudi kuruka mwaka 2005, nyuma ya vipande vya mabawa viliwekwa vifaa vya kuhisi mgongano, na mkono mrefu wenye kamera na leza ulitumika kuvikagua huko huko angani.

Ndugu zetu, litazameni jambo hili vizuri. Dalili ilikuwako. Mtu wa kuiona alikuwako. Chombo cha kupiga picha kilikuwako. Kilichokosekana ni njia ya neno la mtu wa chini kufika juu likiwa bado na uzito wake.

MAMBO YETU HAPA

Mtu asiseme mambo hayo ni ya Marekani. Katika wilaya zetu za miwa yako maboila yanayochoma makapi, na ndani yake mna matofali ya moto. Ziko tanuri za matofali, ziko za mikate, ziko za kuyeyushia chuma. Tunamjua mwenzetu mmoja, na mahali pake pa kazi hatutapataja, ambaye alimwambia nyapara kwamba matofali ya upande mmoja yakigongwa yalia vibaya, na rangi ya bamba la nje imebadilika. Akajibiwa kwamba kazi ya juma ile lazima iishe kwanza. Siku chache baadaye bamba likawa jekundu, kazi ikasimama, na vibarua wakarudi nyumbani bila malipo. Kwa bahati hapana aliyeungua. Aliyeona dalili hakulipwa asante, na waliokosa mshahara hawakuwa wale waliokataa kusikia.

Tena liko jambo la vumbi. Kutafuta ufa mara nyingi kwataka kufungua tanuri na kubomoa. Blanketi nyeupe za nyuzi za kauri zinazowekwa katika tanuri nyingi zinahesabiwa na wataalamu wa saratani wa dunia kuwa kitu kinachoweza kuleta saratani. Zikiisha kukaa muda mrefu katika joto la zaidi ya digrii 1,000, nyuzi zake huweza kubadilika na kutoa vumbi la silika, ambalo limekwisha kuthibitishwa kuleta saratani ya mapafu, na pia huyafanya mapafu kuwa magumu. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Anayetumwa kuingia humo apewe barakoa ya kazi hiyo, vitu viloweshwe maji kabla ya kubomolewa, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto.

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Yamtaka mfanyakazi anayeona hatari ya karibu amwarifu msimamizi wake mara moja, na yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali hapo maadamu hatari ile kubwa ingaliko. Tena yamlinda anayelalamika juu ya usalama asifukuzwe kwa sababu ya malalamiko yake. Wangapi kati yetu tunalijua hilo? Na wangapi kamati yao hukutana, si ya jina tu ubaoni?

TUFANYE NINI

Bwana Mwenyekiti, twaleta mapendekezo manne, na twaomba yazungumzwe.

1. Kila mahali pa kazi penye tanuri, boila au kitu chochote cha moto mkali, mwakilishi wetu adai daftari la ukaguzi, lenye tarehe, kipimo na jina la aliyekagua. Kama tajiri hanalo, basi sisi wenyewe tuanze kuandika, hata kwa kalamu ya risasi.

2. Neno la fundi aliyegonga akasikia sauti mbaya liandikwe katika daftari hilo siku ileile, na jibu la msimamizi liandikwe chini yake. Neno lililoandikwa si rahisi kusahauliwa.

3. Vijana wetu wapelekwe kujifunza njia mpya za kupima bila kuvunja. Hapa Lurambi tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro cha Sayansi na Teknolojia. Tawi laweza kuwaomba walimu wake waje kutufundisha, nasi tuwaonyeshe tunayoyajua kwa mkono na sikio. Mashine ikija karakanani pasipo mtu wetu anayeweza kuisoma, itakuwa sababu ya kutupunguza kazini.

4. Kamati za usalama zikutane, na wanachama wetu walio humo walete taarifa katika kila mkutano wa tawi.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo wengi hulitumia kwa mambo ya nyumba na tabia. Sisi twalipokea kama lilivyo, kwa ufa wenyewe. Lakini kabla ya kuziba lazima kuujua, na kabla ya kuujua lazima awepo aliyegonga akasikiliza, na akisha kusema, awepo wa kumsikia. Kazi mbili za kwanza mafundi wetu wanaziweza. Ile ya tatu, ya kuhakikisha kwamba anasikiwa, mtu mmoja haiwezi peke yake mbele ya nyapara. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

 Umoja ni nguvu.